Kengele Kabla ya Swali

Makofi yalianzia safu ya nyuma, kwa watu wa idara ya ujenzi ambao tangu asubuhi walikuwa wakisinzia kwa zamu, yakasambaa ukumbi mzima mpaka waliokuwa nje wakipanga vikombe vya chai wakachungulia dirishani. Katikati ya duara, juu ya kiti cha plastiki kilichoshindwa na mapaja yake, mhadhiri wa kemia alikuwa amekaa akitazama viganja vyake kama mtu aliyepewa kitu kisha akanyang'anywa. Mbele yake, mkutubi mkuu wa chuo alikuwa amebaki mdomo wazi, neno limemkwama kwenye ncha ya ulimi. Pembeni yao alisimama Mshauri, kengele ndogo ya mkononi bado ikitetemeka vidoleni mwake, maana yeye ndiye aliyeigonga.

"Huyu kemia inampotezea muda," alisema mmoja wa watu wa ujenzi. "Angekuwa kwenye televisheni."

"Mimi nimetokwa na machozi kabisa," alisema mwingine, na kweli alikuwa akijifuta.

Ilikuwa siku ya pili ya mafunzo. Baada ya msiba wa mwaka uliotangulia, wakubwa wa chuo waliamua kila idara itoe watu wawili wafundishwe kumtambua mwanafunzi aliyeelemewa kabla maji hayajamfika shingoni. Waliitwa Masikio. Jina alilibuni Mshauri mwenyewe, na wenye mzaha walilidaka siku hiyohiyo: Sikio likipita korido, watu husema fungeni midomo, mambo yenu yanaandikwa. Mshauri hakujali. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na viatu vya chini, aliyekaa miaka mingi katika ofisi ya ushauri nasaha akisikiliza watoto wa watu, na kama kuna kitu alichokichukia, basi ni semina ya watu kukodolea ukuta uliomulikiwa maandishi. Kuogelea hakufundishwi ubaoni, alikuwa akisema. Kwa hiyo aliwaigizisha.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kuuelewa na mgumu kuufanya. Wawili waliingia katikati ya duara. Mmoja aliigiza mwanafunzi mwenye dhiki, mwingine alimsikiliza. Msikilizaji alikatazwa kuhubiri, alikatazwa kulinganisha, alikatazwa kusema "hata mimi enzi zangu." Na kabla igizo halijakwisha, ilikuwa lazima aulize swali moja, waziwazi, bila kulifunga kwenye majani: unafikiria kujiua? Siku ya kwanza swali hilo liliwatoa watu jasho. Mhasibu mmoja alilikohoa, kisha akauliza kama mwenzake hana mawazo mabaya. Mshauri aliwaambia hakuna mtu aliyetiwa wazo hilo kichwani kwa kuulizwa. Wanaoulizwa hupata mahali pa kulitua. Kisha Mshauri hugonga kengele, na aliyeigiza husimama akavua, ndivyo walivyoita: anataja yeye ni nani, na anataja kitu kimoja atakachokifanya kesho. Usipovua, aliwaambia, utabeba uchungu wa mtu asiyekuwepo, ukawapakulie wanao nyumbani.

"Vua, shemeji," Mshauri alisema.

Maana mhadhiri wa kemia alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mume wake. Chuo kizima kilimwita Mizani. Juu ya meza yake ofisini kulikuwa na mizani kongwe ya shaba aliyoachiwa na mwalimu wake, na mwanafunzi aliyekuja na udhuru wa kuchelewesha kazi aliambiwa auweke pale upimwe. Mizani aliinama, akafinya jicho, akagusa sahani moja kwa kidole. "Umepungua kidogo," alisema. "Ongeza uongo." Mtoto alitoka akicheka, na kazi aliileta kesho yake.

Sasa alisimama. Kiti kilinyanyuka naye, kikamng'ang'ania, kisha kikaanguka, na ukumbi ukacheka.

"Mimi ni Mizani, wa kemia," alisema. "Kesho..." Akageukia dirisha, akavitazama vikombe. "Kesho tuiachie kesho. Chai ya leo ndiyo hiyo, na inapoa."

Walicheka zaidi, wakaanza kusukuma viti. Mshauri naye alicheka. Ndiyo, alicheka, na bora lisemwe mapema: mtu aliyelipwa kusikiliza alicheka na wenzake, akaitia kengele kwenye mkoba, akawaambia wasirudi wamechelewa kwa sababu Naibu Makamu Mkuu wa Chuo angekuja kufunga mafunzo.

Lakini kucheka kwake kulikuwa na mfupa ndani. Alipokuwa akitoka ukumbini, maneno ya igizo yalimfuata kama mtu anayemdai salamu. Aliyempa Mizani nafasi ya kuigiza hakuwa yeye. Mizani mwenyewe ndiye aliyejitolea, akainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza anayetaka kwenda nje. Akapewa mwanafunzi wa mwaka wa pili, ameshindwa masomo, anajifungia chumbani. Alianza vizuri, akalalamikia chakula, akalalamikia mwalimu fulani wa kemia asiyejua kufundisha, watu wakashika mbavu. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nikiingia mahali, watu wanaanza kucheka sijafungua mdomo," alimwambia mkutubi. "Basi nawapa walichokuja kukichukua. Wakiondoka, sibaki na kitu."

Mkutubi alikuwa pande la mtu, mpole, ambaye maisha yake yote alilipwa kuwanyamazisha watu, na leo alitakiwa amfanye mmoja aseme. Alijikuna kidevu. Alianza kusema kwamba kila jambo lina mwisho, Mshauri akamkatia jicho, akanyamaza.

"Jioni nikifika nyumbani siteremki garini," Mizani aliendelea. "Nakaa tu, mikono kwenye usukani. Sina ninachongoja. Ila kufungua mlango wa gari kumekuwa kazi kubwa."

"Mwaka wa pili ana gari?" mtu wa ujenzi alidakia. "Nani anawakopesha hawa?"

Kicheko kilipasuka. Mizani naye alitabasamu, akangoja kipite, kama anavyongoja mwalimu anayejua darasa lake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kitu: "Nimeanza kugawa vitu vyangu. Kile nilichokipenda kuliko vyote nimeshakitoa. Nimeona mkono umekuwa mwepesi."

Hapo mkutubi aliinama mbele. Hapo Mshauri alihisi ngozi ya shingo ikimsisimka, na mwili ulimwambia jambo ambalo kichwa hakikutaka kulisikia. Nje vikombe viligongana. Akagonga kengele.

Barazani watu walikunywa chai kwa kelele za waliofunguliwa. Mshauri alimtafuta shemeji yake kwa macho, hakumwona. Kwenye kingo ya dirisha kulikuwa na kikombe kimejaa hadi ukingoni, sukari imelala chini haijakorogwa.

"Cha Mizani hicho," alisema fundi wa maabara ya kemia, mama wa makamo aliyependa watu na kupendwa nao. "Kamimina, kakiweka, kaenda zake. Nadhani kazidiwa na sifa." Akamsogelea Mshauri, uso umemng'aa. "Shemeji yako huyu Mungu amlipe. Unajua kanipa ile mizani yake?"

"Mizani ipi?"

"Ya shaba. Ile ya mezani. Nikamwambia nitakuhifadhia, mwalimu, ofisi yako ina vumbi. Akasema hapana, ichukue kabisa, mimi sipimi tena. Na vitabu kawagawia wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho. Kapata kazi mahali, ee? Tuambie tumuage vizuri."

Damu ilimganda Mshauri. Hilo husemwa ovyo, lakini yeye aliihisi kweli, baridi iliyoanzia vidoleni ikapanda mikononi hadi chini ya kwapa, akakishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili. Aliona vinywa vya watu vikisema, akasikia kama yuko chini ya maji. Mtu mmoja alikuwa akiigiza namna Mizani alivyokaa, mabega yameanguka, mikono kwenye usukani usiokuwepo, na wenzake wakimsifu kwa kupatia.

"Mshauri, umepauka," alisema fundi. "Kaa chini."

Hakukaa. Mkutubi alikuwa amesimama nyuma yake, kikombe kimepotea ndani ya mkono wake mkubwa, akingoja zamu kwa adabu ya watu wa maktaba.

"Nina neno," alisema. "Nisamehe kama si mahali pake. Lile swali nilikuwa nalo. Jana nimelirudia mbele ya kioo mpaka mama watoto akaniuliza kama niko sawa. Leo limefika hapa," akagusa midomo yake, "ndipo ukagonga."

"Muda ulikuwa umekwisha, kaka."

"Sikulaumu. Nakueleza nilichokiona, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa mbele yake. Alikuwa ananitazama mdomo. Si macho, mdomo. Ulipogonga kengele akafumba macho." Mkutubi akashusha kikombe chake. "Mtu anayeigiza, Mshauri, hafumbi macho hivyo."

Mshauri aliweka kikombe chini. Akakosea ukingo wa meza, kikaanguka, kikavunjika, na hakugeuka kukitazama.

"Wakiniuliza," alisema, "waambie..."

"Niwaambie nini?"

"Waambie lolote."

Akashuka ngazi. Aliapa miaka mingi kwamba hatakimbia ndani ya chuo, kwa kuwa mshauri akikimbia wanafunzi hudhani kuna maiti. Hakukimbia. Alitembea kwa namna ambayo ni mbaya kuliko kukimbia, mkoba umebanwa kwapani, na kila alipoweka mguu chini kengele ililia humo ndani. Alijaribu kuubana zaidi. Ililia vilevile, kwa sauti ya kitu kilichofunikwa mdomo. Wanafunzi waliokuwa wamekaa kwenye ukuta mfupi wakisoma waliinua vichwa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; kuhusu kicheko kingi hawakutuachia neno. Na kama wangetuachia, Mshauri angelitumia kwa watoto wa wenzake tu. Alimwona huyu mtu kila Jumapili mezani kwake, akiwafundisha wana wa Mshauri kupasua punje ya haragwe kwa kijiko, na aliyeshindwa humlipa kipande cha nyama. Mke wa Mizani alikuwa muuguzi katika mji mwingine, akija kila alipopata ruhusa. Watoto wao wakubwa walikuwa na makwao. Mizani aliosha vyombo, akaaga, akaondoka na gari lake. "Kaka yako hazeeki," Mshauri alikuwa akimwambia mumewe mlango ukifungwa. Sasa, akipita chini ya madirisha ya maktaba, alijiuliza gari lile lilisimama muda gani mbele ya nyumba yenye giza, na mikono ilikaa muda gani juu ya usukani, wakati yeye akipanguza meza.

Mwaka uliotangulia, binti wa mwaka wa pili alijitoa uhai. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameketi katika darasa la Mizani, na Mizani alikuwa amesema kitu cha kuchekesha, na binti alikuwa amecheka. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa mlezi wa darasa, Mizani ndiye aliyempigia simu baba mtu. Hilo Mshauri alilijua. Alilijua kama anavyojua ofisi yake ina madirisha mawili. Wiki zilizofuata alilikusanya darasa lile ukumbini, akalia nalo, akalishika mkono, na nani alipanga viti? Nani alibeba maji? Nani alisimama mlangoni akiwatania waliokuwa wakisitasita mpaka wakaingia? Walipokwisha kuingia, nani aliufunga mlango huo, yeye akabaki nje?

Hakuna aliyemuuliza kitu. Kwenye mlango wa ofisi ya Mshauri palibandikwa maandishi makubwa: Ushauri kwa Wanafunzi. Mfanyakazi mwenye shida alielekezwa ofisi ya utumishi, ambako huulizwa kama anataka likizo. Haya, mganga hajigangi, tunajua. Lakini mganga wa chuo hiki hakuwa amegundua hata kwamba mwenye kumbebea mkoba wa dawa naye ana homa.

Korido ya kemia ilinuka sabuni na gesi. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na ofisi ilikuwa safi. Rafu zilikuwa tupu. Juu ya meza, mahali pa mizani ya shaba, palibaki duara jeusi lisilopauka kama mbao nyingine. Aliliona duara lile, akashika fremu ya mlango. Kisha akasikia maji yakitiririka maabara ya pili.

Mizani alikuwa ameinamia sinki, mikono ya shati imekunjwa, akisugua chupa za vioo kwa brashi ndefu. Kazi hiyo si ya mhadhiri.

"Shemeji mtaalamu," alisema bila kugeuka. "Nimekusikia tangu maktaba. Unatembea kama mbuzi wa sherehe."

Pumzi ilimtoka Mshauri kwa nguvu mpaka ikauma. Yuko hai. Anatania. Kwa dakika ile alimchukia kwa utani wake, alitamani kumpiga na brashi ile.

"Hukunywa chai," alisema.

"Ilikuwa na sukari nyingi."

"Umeitia mwenyewe."

"Ndiyo maana najua."

Mshauri alivuta kiti kirefu cha maabara akakaa. Akauliza kama mkewe hajambo. Hajambo. Akauliza kama watoto wamepiga simu. Wamepiga. Akasema joto la leo si la kawaida. Mizani akakubali kwamba si la kawaida, akasuuza chupa, akaisimamisha kichwa chini. Mshauri alijisikia akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikuwa amewafundisha mamia ya watu swali lile. Alilitamka kwa wasichana wa miaka kumi na tisa wasiomjua, mchana kweupe, bila kupepesa. Akilitamka hapa, jibu litakuja, na jibu likija, halitakuwa la mwanafunzi fulani. Litakuwa la mtu anayewapasulia wanawe maharage.

"Shemeji," alisema. "Huna mawazo mabaya, sivyo?"

Mizani akafunga bomba.

"Swali hilo silo unalofundisha," alisema taratibu. "Jana umesema mtu akiulizwa hivyo, amepewa jibu mkononi. Ukamkemea mhasibu wa watu."

Mshauri aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Akashuka kwenye kiti. Akaenda mpaka sinki, akasimama pale ambapo Mizani asingeweza kumtazama mtu mwingine yeyote. Mkoba ulilia kwapani. Akaulazimisha ulimi wake.

"Unafikiria kujiua?"

Alitegemea kicheko. Alikuwa ameandaa hata uso wa kukipokea.

"Ndiyo," alisema Mizani.

Neno dogo kiasi hicho. Mshauri alikuwa amelisikia mara nyingi, na kila mara alijua la kusema baada yake. Maneno yalikuwa yamepangwa kichwani mwake kama vyombo kabatini. Alifungua kabati, halikuwa na kitu. Alisimama tu, akitazama tone la maji likishuka kwenye kiwiko cha shemeji yake. Ilimshtua kwamba tone linaweza kuendelea na safari yake. Ilimshtua kwamba sakafu bado ipo.

"Tangu lini?" aliuliza, na sauti haikuwa yake.

"Tangu nilipompigia simu yule baba. Mwanzo lilikuja likapita. Siku hizi haliondoki." Mizani alijipangusa mikono kwa shati, akaiangalia. "Aliniuliza binti yake alikuwaje asubuhi ile. Nikamwambia alicheka. Akasema, asante mwalimu. Unaona? Akanishukuru."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia mlango gani? Wa wanafunzi au wa Jumapili?"

Hakukuwa na uchungu katika sauti yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mshauri alikumbuka la pili katika mafunzo yake mwenyewe, akalishika kama mtu anayeshika ukuta gizani.

"Na leo? Ulikuwa umekusudia leo?"

Nje, mtu alipita akiimba wimbo wa mapenzi, akapotea.

"Leo nilikuja kwenye mafunzo kwanza," alisema Mizani. "Nilijua pale katikati ya duara lazima mtu aulize. Ni sheria yako. Mwaka mzima nimetafuta mahali ambapo mtu analazimika kuniuliza, shemeji, na chuo kizima hakuna, isipokuwa kile kiti. Nikajiambia, nikiulizwa nitajibu kweli, hata wote wakiwa wanatazama. Nisipoulizwa..." Akainua bega moja. "Mkutubi alikuwa ameshafungua mdomo."

Mshauri alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Alilia. Hakulia kwa ustadi, kwa chozi moja la kitaalamu linalomwambia mteja kwamba amesikika; alilia kwa pua na mdomo, mabega yakimruka, na alipotaka kuomba radhi maneno yakatoka vipandevipande. Mizani alimtazama kwa mshangao. Ni wazi alikuwa amefikiria mambo mengi, lakini hili hakuwa amelifikiria. Akachukua kitaulo cha maabara, akakikagua kama hakina asidi, akampa.

"Nimegonga kwa sababu niliogopa," alisema Mshauri alipoweza. "Chai ilikuwa kisingizio."

"Najua. Niliona shingo yako."

"Funguo za stoo ya kemikali nipe mimi."

Alizitoa mfukoni bila ubishi, akaziweka kiganjani mwake. Zilikuwa na joto. Mshauri akazitumbukiza chini kabisa ya mkoba. Akamwambia, kwa sauti iliyoanza kurudi, kwamba hatamwacha peke yake leo, wala hatamwacha kesho. Kwamba kuna daktari anayemwamini kwa mambo haya na watakwenda kwake pamoja kabla jua halijachwa. Kwamba atampigia mdogo wake sasa hivi.

"Atahubiri," alisema Mizani.

"Nitamwambia aje bila maneno."

"Hajawahi kuja hivyo."

Alipiga simu. "Njoo maabara ya kemia," alimwambia mumewe. "Kaka yako anaumwa na tuko naye. Usiniulize sasa, wewe njoo." Alipokata, simu ikaita papo hapo: Naibu Makamu Mkuu. Walikuwa wamekaa ukumbini, bila shaka, wamerudi kwenye viti vyao, wakingoja mwenye mafunzo. Mshauri alilitazama jina mpaka likazimika lenyewe. Likawaka tena. Akaizima simu kabisa, akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Sasa sema," alisema. "Tangu simu ya yule baba. Sema lolote lililopo, hata kama linachekesha, hata kama halichekeshi."

Mizani alivuta kiti kirefu akakaa. Jicho lake lilikuwa kwenye mkoba.

"Ile kengele yako," alisema. "Iko humo bado?"

Mshauri aliitoa. Ililia mara moja, kwa uwazi wa ajabu, na wote wawili wakashtuka kama wezi. Aliitazama, kitu kidogo cha kuitia watu chai. Kisha akamnyooshea.

"Kaa nayo wewe. Ukichoka, gonga. Mimi sigongi tena."

Mizani aliipokea kwa vidole viwili, namna alivyozoea kushika vitu vya kupimwa. Akaigeuza. Akaingiza kidole cha shahada ndani yake, akaubana ulimi wa kengele ukutani ili usicheze. Hapo ndipo alipoanza. Alianza na kitu kidogo kisicho na maana, kwamba binti yule alikuwa akikaa safu ya tatu na alikuwa na kalamu ya kijani, na kwamba yeye alimkataza kuandika kwa kijani.

Koridoni kundi la wanafunzi liliingia na makelele, viatu, mtu akimwita mwenzake toka mbali. Mizani akasita, akageukia mlango. Kupitia kioo chake Mshauri aliona mgongo mpana uliokuwa umesimama pale, pengine kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mlinzi asiyeajiriwa. Mkutubi aliinua kidole mdomoni.

"Shhh," alisema, kwa upole wa miaka yote ya kazi yake.

Viatu vikapunguza mwendo, vikapita kwa ncha za vidole. Kukawa kimya kama kile cha maktaba, ambacho watu hukitengeneza kwa makusudi.

"Ya kijani," Mshauri alisema.

"Ya kijani," alisema Mizani, na kidole chake hakikutoka ndani ya kengele.